Kanuni ya Tisa na Pipa la Dawa ya Pamoja

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Tarafa ya Igundulima, wakulima, wafugaji na wachimbaji, kwamba kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi hakuna mtu atakayeruhusiwa kuumwa kivyake.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Onesmo, Karani wa Tarafa na Katibu wa Kamati ya Uchanganyaji Salama wa Dawa za Asili, kwa kifupi KAUSADA. Nililipiga chapa mwenyewe, nakala kumi na mbili, nikalibandika hadi kwenye mlango wa kanisa. Wapo wanaosema lilikuwa tangazo la kipumbavu. Watu hao hawajawahi kukaa kwenye kamati.

Lazima mwelewe hali ilivyokuwa. Ulikuwa mwaka themanini na tatu, nchi nzima ikiwasaka wahujumu uchumi, na kila mahali palikuwa na cha kuonyesha. Masumbwe walimkamata mtu na katoni za sabuni chini ya kitanda. Tinde walifukua sukari kwenye kaburi lisilo na maiti. Sisi Igundulima tulipekua mwezi mzima tusipate kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu, na hiyo ni aibu kubwa kwa tarafa inayojiheshimu. Zahanati yetu ilikuwa imebakiwa na chupa moja ya dawa ya zambarau ya kupaka vidonda na kalenda ya mwaka juzi. Mtu akiumwa tumbo alipakwa zambarau tumboni, akarudi kwake mgonjwa vilevile lakini amehudumiwa.

Kwa hiyo watu walikwenda kwa waganga wa miti shamba, na waganga wa kwetu wana desturi ya kamba. Mganga akikupa dawa hukufunga mkononi kamba nyembamba ya ganda la mti uleule aliouchimba. Ukienda kwa mganga mwingine kabla hujamaliza, ataiona kamba na kukuuliza: umekunywa nini, kwa nani, na kwa sababu gani? Dawa ikiisha, aliyefunga ndiye anayefungua. Ni desturi ya kizamani, haina fomu wala muhuri.

Mwezi wa saba Nkwabi, mchimbaji wa dhahabu kutoka upande wa Bulyanhulu, aliidharau. Kwa siku moja alikunywa dawa ya bahati ya duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, dawa ya mgongo na dawa ya minyoo, kila moja kwa mganga wake, na kila mara aliikata kamba kabla ya kupiga hodi kwa mwingine. Aliletwa zahanati amefungwa kwenye keria ya baiskeli, anawaamkia marehemu wa ukoo wake mmoja mmoja kwa majina. Alipakwa zambarau. Alipona siku ya tisa, na mpaka leo hajui ipi kati ya zile dawa ilitaka kumuua.

Ndipo Katibu Tarafa wetu, Ndugu Telesphori, akaunda kamati yetu na kuitisha kikao cha dharura, yeye akiwa mwenyekiti. Ndugu Telesphori alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na alivaa suti ya Kaunda ya mikono mirefu hata jua likiwa la utosi.

"Ndugu wajumbe," alisema, "tatizo si kuchanganya dawa. Tatizo ni kuchanganya kiholela. Huyu Nkwabi amechanganya bila kibali, bila ratiba na bila usimamizi. Serikali ikichanganya yenyewe, madhara yatatoka wapi?"

Hakuna aliyejua madhara yangetoka wapi. Niliandika kwenye muhtasari: madhara hayapo.

Nesi Zipora wa zahanati alinyoosha mkono. "Ndugu Mwenyekiti, dawa mbili nzuri zinaweza kugombana ndani ya tumbo moja. Hata hizi za hospitali. Mimi nisingethubutu."

Niliandika: Nesi ameunga mkono, kwa tahadhari.

Tukapitisha kanuni kumi kabla ya chakula cha mchana. Kanuni ya tano iliamuru kamba zote zikatwe, kwa kuwa ni vitambulisho visivyo halali. Kanuni ya saba iliamuru kila mganga alete mtungi wa kila dawa aliyoitoa mwaka ule, zote zimiminwe katika pipa moja la tarafa, nayo iitwe Dawa ya Pamoja, na kila mwananchi anywe kikombe kimoja, mzima na mgonjwa, ili asiwepo wa kubaguliwa. Kanuni ya tisa niliitunga mimi, na naomba niinukuu: "Ili kukomesha magendo ya dawa, mganga na mgonjwa hawatazungumza nyuma ya pazia, mlango wala kichaka. Maswali yote na majibu yote yatatolewa mbele ya hadhara, kwa sauti ya kusikika, na kuandikwa nakala tatu." Ndugu Telesphori aliisoma mara mbili, akanipa mkono.

Waganga thelathini na mmoja walitii. Tulipata pipa lililokuwa la dizeli kwenye kinu cha pamba, tukalisuuza mara tatu. Niliorodhesha kila mtungi. Dawa za kufungua tumbo zilikuwa nne na za kufunga tumbo tatu, hivyo kamati ikaona mizani inaelekea kukaa sawa. Za mgongo sita. Za mapenzi tano. Za bahati ya dhahabu kumi na nane. Mganga Bujiku wa njia ya Tinde alileta mitungi minne peke yake, akasema baadhi ni dawa za watu wa maofisini na angependa zisifafanuliwe. Niliandika: mchanganyiko wa kiofisi.

Mganga wa thelathini na mbili hakuja. Huyo ni Mayu Paskazia, mama mzee anayekaa nyuma ya kanisa, na hapa inabidi niingize habari za nyumbani kwangu, ingawa si utaratibu.

Mke wangu Melania alikuwa na mimba ya miezi sita. Baada ya binti yetu Anisia kuzaliwa, mimba mbili zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu Mayu Paskazia aliishika tangu mwanzo. Alimpa dawa moja tu, kidogo, akamfunga kamba, akamwambia asionje kitu kingine chochote mpaka ajifungue, hata akipewa na padre. Jioni moja nilirudi nyumbani na wembe.

"Baba Anisia, huo wembe wa nini?"

"Kanuni ya tano. Nyumba ya katibu wa kamati lazima iwe ya mfano."

"Mayu alisema aliyefunga ndiye atakayefungua."

"Mayu si mjumbe wa kamati."

Melania alinyoosha mkono wake juu ya meza, palepale kwenye makombo ya ugali. "Kata," alisema. "Mimi sina nguvu ya kushindana na karatasi. Lakini likitokea la kutokea, usiniambie ni kamati iliyokata."

Nilikata. Kamba ilikuwa nyepesi, haikuhitaji hata kubonyeza. Sikula siku ile, na nilipoulizwa ofisini kesho yake nilisema nimefunga kwa ajili ya taifa.

Ndugu Telesphori alifurahi mno alipopata habari. "Safi sana, Onesmo. Basi siku ya uzinduzi, baada ya viongozi kunywa, mama mjamzito wa kwanza kupokea kikombe ni mkeo. Mpiga picha atakuwepo."

Nilisema ahsante. Miaka kumi na minne ya utumishi inakufundisha kusema ahsante kabla hujasikia ulichopewa.

Siku ya Jumatano Mayu Paskazia aliletwa mbele ya kamati na mgambo wawili, aliowatibu wote surua walipokuwa wadogo. Aliingia akatuamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, wanangu." Wajumbe tulisimama wote tukasema shikamoo, kisha tukajadili kwa dakika ishirini kama ni halali kumpa mtuhumiwa shikamoo. Ilikubaliwa kwamba tumempa kwa muda.

"Mama," Ndugu Telesphori alianza, "unashtakiwa kwa kuficha bidhaa muhimu, yaani dawa, na kuitenga na dawa za wenzako. Wewe unapinga umoja?"

"Umoja wa watu naujua, baba. Mti wa mlungulungu hauna kadi ya chama."

"Wenzako wameleta. Dawa zote ni nzuri. Nzuri ukizijumlisha na nzuri unapata nini?"

"Wake wenza," alisema Mayu. "Kila mmoja ukimkuta peke yake ana adabu. Waweke jiko moja uone. Mlundalunda unasukuma tumbo, na mganga mwingine ameleta mti wa kulifunga. Tumbo litamsikiliza nani? Mimi huwa nampa mtu dawa moja, nasubiri nione imemfanyaje. Na kabla sijampa namuuliza amekunywa nini. Nisipomuuliza nitamuua, na nitakuwa sijui nimemuua na nini."

"Kuuliza maswali ni kazi ya kamati."

"Basi ulizeni, baba. Mmemuuliza nani mpaka leo?"

Hukumu ilikuwa fupi. Akiwa hajaleta mtungi wake ifikapo Jumamosi, kibanda chake kitapigwa lakiri, vyungu vitavunjwa hadharani, na yeye atasafirishwa kwenda kijiji cha mbali kulima pamba. Ana miaka sabini na kitu. Nilipiga chapa hati ya kumsafirisha nikaitia kwenye jalada jipya. Alipokuwa akitoka alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Melania bado ana kamba. Sikumjibu, kwa sababu kanuni ya tisa inakataza kunong'ona.

Jumamosi ilifika. Uwanja wa mnada wa ng'ombe ulijaa kuanzia saa tatu asubuhi. Kulikuwa na kwaya, ngoma ya nyoka, na kipaza sauti kinachotumia betri ya lori. Pipa lilisimama katikati, limefungwa utepe, na povu la juu lilikuwa la kijani kibichi likielekea weusi. Mbwa wa mnadani walilinusa wakaenda kulala mbali. Mgeni rasmi alikuwa Ndugu Kamili, Mratibu wa Kampeni kutoka mkoani, mtu mwembamba mwenye miwani, naye pia katika mikono mirefu. Mayu Paskazia aliketishwa chini mbele ya jukwaa kati ya wale mgambo wawili, awe fundisho kwa wengine. Nyuma ya viongozi ilianza foleni ya wananchi, na wa kwanza katika foleni alikuwa mke wangu, mkono mmoja umeshika tumbo na mwingine kikombe cha bati. Hakunitazama. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa, na nilikuwa na kalamu tatu mfukoni.

Itifaki ilisema mkubwa anywe kwanza.

"Mgeni rasmi, karibu," alisema Ndugu Telesphori.

"Hapana, hapana, mwenyeji kwanza," alisema Ndugu Kamili.

"Mgeni njoo mwenyeji apone, Ndugu Mratibu."

"Basi nimekuja. Wewe pona."

Walisukumiana heshima ile kama mara tano, mpaka Mayu Paskazia akanyanyua uso. "Baba Katibu, hata mimi sitakataa tena. Nina ombi moja. Anywe tu yule ambaye hajanywa kitu kingine. Sema mbele za watu kwamba hujanywa kitu kingine, nami nitaleta mtungi wangu mwenyewe."

Ndugu Telesphori alishika kipaza sauti. "Ndugu wananchi, mimi tangu nizaliwe sijawahi kutumia dawa ya kienyeji. Mwili wangu ni mali ya umma." Alichota jagi zima, si kikombe, akanywa lote huku mpiga picha akifanya kazi yake. Watu walipiga makofi. Ndugu Kamili alipokea kikombe chake, lakini kwa heshima ya mwenyeji akasubiri hotuba iishe.

Hotuba ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Watu husema vibaya kuhusu hotuba ndefu, na mimi nimeandika nyingi, basi naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba hotuba ile iliokoa watu elfu moja na mia mbili. Ukurasa wa sita sauti ya Ndugu Telesphori ilianza kupanda na kushuka bila sababu. Ukurasa wa tisa alisema "mafanikio" akaketi kabla ya kumaliza sentensi. Ukurasa wa kumi na moja alilala juu ya meza yenye kitambaa cha bendera, jasho linamtoka, tumbo linanguruma hata waliokuwa nyuma wakadhani ni lori la pamba linakuja.

"Nesi," alisema kwa shida.

Nesi Zipora alifika na chupa ya zambarau, akaiangalia, akairudisha mfukoni. "Mimi sijui amekunywa nini," alisema. "Anayejua kuuliza ni Mayu."

Mgambo walimsaidia Mayu Paskazia kusimama bila kuagizwa. Alimgusa mgonjwa shingoni, akamtazama macho, kisha akafanya jambo ambalo hakuna mjumbe aliyewahi kulifikiria: alimkunja mkono wa suti hadi kwenye kiwiko. Zilikuwepo kamba nne.

Watu wa nyuma walisimama kwa ncha za vidole wazihesabu.

"Amri ya kukata si yako, baba?" aliuliza Mayu.

"Bujiku alisema nikizikata cheo kitakimbia."

"Haya. Hii ya kwanza umekunywa nini, kwa nani, na kwa sababu gani?"

Ndugu Telesphori aligeuza macho akanitafuta. "Onesmo," alisema, "waondoe watu."

Mimi ni mtumishi. Nilifungua daftari ukurasa wa kanuni ya tisa nikaisoma kwa sauti, kuanzia pazia mpaka nakala tatu. Kisha nikachukua kipaza sauti nikakiweka mbele ya mdomo wake, kwa kuwa kanuni inataka sauti ya kusikika. Nilikuwa namwona Melania kwa pembe ya jicho, na safari hii alikuwa ananitazama.

"Ya tumbo," kilisema kipaza sauti.

"Ya pili?"

"Ya mgongo."

"Mgongo wa kubebea gunia?"

"Mgongo wa... wa nyumbani."

Mke wa Ndugu Telesphori, aliyekuwa amekaa na kwaya, alisema taratibu, "Nyumbani haijafika." Kwaya nzima ilijifunika kanga.

"Ya tatu?"

"Ya kulinda cheo."

"Ya nne, baba. Usinifiche. Hii ina ganda nisilolipenda."

Kipaza sauti kilivuma. "Ya Ndugu Kamili," kilisema mwishowe.

"Ndugu Kamili ni ugonjwa?"

"Ya kumhamisha."

"Kunihamishia wapi?" aliuliza Ndugu Kamili, kikombe bado mkononi.

"Popote, Ndugu Mratibu. Hatukutaja mkoa."

Niliandika: mkoa haukutajwa. Ndugu Kamili alikuwa anafungua kinywa kutoa agizo zito, lakini mganga Bujiku alikwishapenya hadi mbele ya jukwaa. Alikuwa na hofu ya mtu anayeona kesi ya mauaji inamjia.

"Samahani, Mayu," alisema, "kabla Ndugu Mratibu hajagusa kile kikombe, naye akunjwe mkono. Ile niliyompa Jumanne ya kubakia palepale alipo haitaki kabisa kukutana na ya kuhamishwa, na zote mbili zimo pipani. Kanuni ya saba ilisema tulete zote."

Ndugu Kamili alishusha kikombe mezani pole pole, kwa uangalifu wa mtu anayetua yai. Akavuta mkono wa shati lake mpaka ukafunika vidole. Alitangaza kwamba uzinduzi umeahirishwa kwa sababu za kiufundi, akaingia garini, na gari likaondoka kabla dereva hajafunga mlango.

Mayu Paskazia hakumpa Ndugu Telesphori dawa yoyote. "Hapa hapana pa kuongeza," alisema. "Maji, uji mwepesi, na mpelekeni hospitali ya misheni sasa hivi, mkawaambie yote aliyoyataja. Msifiche hata moja." Tulimpakia kwenye lori la pamba. Niliwapa waliompeleka nakala moja ya muhtasari, yenye muhuri, na daktari alisema haijawahi kutokea mgonjwa akaletwa na maelezo kamili namna ile. Ndugu Telesphori alirudi baada ya wiki tatu, amepungua, na sauti yake sasa inatosha chumba kimoja.

Pipa tulilimwaga kando ya mnada. Nyasi za mahali pale hazijaota mpaka leo, na tumeripoti kuwa ni ukame. Hati ya kumsafirisha Mayu Paskazia haionekani. Jalada lake lote limepotea nikiwa mimi ndiye mtunza majalada, nami ninaendelea kulitafuta kwa kufuata utaratibu. Jioni ileile Mayu alikuja nyumbani, akamfunga Melania kamba mpya mbele yangu, akaniambia nishike ncha moja. Niliishika. Mwezi wa kwanza tulipata mtoto wa kiume, mzima, mwenye kelele.

Jambo moja tu limebadilika katika tarafa yetu, na halikupitishwa na kikao chochote. Siku hizi kiongozi akisimama kuhutubia, awe wa kata, wa tarafa au wa juu zaidi, wananchi hawaimbi wala hawapigi makofi. Wanakaa kimya wanamtazama mikono. Asipoelewa, mama mmoja wa nyuma humwambia kwa adabu, "Kunja kwanza, baba." Hapo ndipo wanapomsikiliza, au wanapoanza kuhesabu.

Tumewapelekea mkoani picha za mikutano kama kawaida. Wametuandikia barua ya pongezi, wakisema katika mkoa mzima ni Igundulima peke yake ambako viongozi wote wanaonekana wamekunja mikono, tayari kwa kazi. Barua imesainiwa na mratibu mpya. Ndugu Kamili amehamishwa.